Radoni na moshi wa sigara ndani ya nyumba: anza wapi, fuata nini

Kama kwenu kuna mtu anavuta sigara ndani ya nyumba, anza na huyo, usianze na sakafu wala kipimo. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi watu wanaona video za Marekani za kuondoa radoni, jamaa anatoboa sakafu anaweka paipu na feni, alafu wanauliza hapa Tororo ama Kampala mashine kama hiyo inauzwa wapi, na huku baba mwenye nyumba amekaa kwa kochi anavuta na mtoto yuko mapajani. Hiyo ni kufunga mlango wa nyuma wakati mwizi ameshakaa sebuleni.

Sasa kwa wale ambao hawajaisikia, radoni ni gesi inayotoka ardhini. Haina rangi, haina harufu, haikuwashi macho, haikukohozi, yani hakuna kitu kitakuambia iko. Ndani ya mawe na udongo kuna urani kidogo (madini yenye mionzi), urani inavunjika polepole miaka mingi sana mpaka inakuwa radiumu, radiumu ikivunjika inatoa radoni. Udongo wote duniani unayo, ila mawe ya graniti na mawe ya fosfeti kwa kawaida yana urani zaidi kuliko mengine. Sisi wa Tororo tuna vilima vya Osukuru vyenye fosfeti, watu wa Mubende wana graniti yao. Lakini usikimbie kusema basi nyumba yangu imeoza, nyumba mbili za jirani, ukuta kwa ukuta, zinaweza kuwa na tofauti kubwa kabisa, inategemea udongo wa chini, nyufa, na vile hewa inapita.

Nje ya nyumba radoni inachanganyika na upepo inapotea, huko kawaida ni bekereli 5 mpaka 15 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Shida ni ndani. Inapanda kupitia nyufa za sakafu, pembeni ya mabomba, pale ukuta unapokutana na sakafu, ama inapita tu moja kwa moja kama sakafu ni ya udongo, alafu mkifunga madirisha usiku inajikusanya.

Sasa hapa ndo watu wanachanganya. Gesi yenyewe ukiivuta sehemu kubwa unaitoa tena ukipumua. Kinachokuumiza ni vitoto vyake. Radoni nusu yake inavunjika kwa siku 3.8 hivi na ikivunjika inazaa poloni 218, na mbele kidogo poloni 214, hivyo siyo gesi tena, ni chembe ngumu, vinashika kwa mapafu na kurusha mionzi ya alfa hapohapo. Mionzi ya alfa hata karatasi inaizuia, ngozi yako ya nje inaizuia, ila ndani ya mapafu hakuna ngozi ngumu kama hiyo, chembe hai (seli) ziko wazi zinapigwa. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka radoni kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani tangu 1988, kundi hilohilo lenye moshi wa tumbaku.

Na sigara inaingiaje? Kwa milango kadhaa. Moshi unaharibu vile vinywele vidogo vya njia ya hewa vinavyosukuma uchafu kwenda juu ukautema, kwa hivyo chembe za poloni zinakaa zaidi. Moshi wenyewe una kemikali zaidi ya 7000 na angalau 69 kati yake zinaleta saratani, kwa hivyo chembe hai iliyopigwa na mionzi tayari ilikuwa na majeraha. Moshi ukijaa chumbani, vitoto vya radoni vinapata kitu cha kudandia vinaelea hewani, badala ya kwenda kushika kwa ukuta na meza. Na juu ya yote jani la tumbaku lenyewe lina poloni 210, unaipeleka kifuani moja kwa moja hata kama unavutia juu ya mlima.

Namba zinasaidia hapa kuliko maneno. Kuna utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka 2005, uliunganisha tafiti 13 za nchi 9. Chukua watu 1000 ambao hawajawahi kuvuta kabisa. Wakiishi bila radoni, kama 4 watakufa na saratani ya mapafu kabla ya miaka 75. Wakiishi kwenye bekereli 400, ambayo ni nyingi, wanakuwa kama 7. Sasa chukua wavutaji 1000. Bila radoni ni kama 100. Kwenye bekereli 400 ni kama 160. Umeona? Radoni ileile, nyumba ileile, kwa wasiovuta imeongeza watu 3, kwa wavutaji imeongeza 60. Na hapohapo angalia upande wa pili, mvutaji ambaye nyumba yake haina radoni hata chembe bado yuko mbaya mara nyingi kuliko asiyevuta anayelala kwenye radoni nyingi. Ndo maana mi nasema anza na sigara, hilo siyo suala la maoni.

Kutoa moshi nje ya nyumba

Uganda tuna sheria ya tumbaku ya 2015, ilianza kufanya kazi 2016, na ni kali kwelikweli kwa karatasi: hakuna kuvuta ndani ya jengo la umma wala sehemu ya kazi, wala ndani ya mita 50 kutoka hapo, hakuna kumuuzia mtu chini ya miaka 21, shisha imepigwa marufuku, na hata kuuza sigara mojamoja hairuhusiwi (nenda kioski chochote jioni uone). Lakini sheria hiyo haitakuja kwa chumba chako cha kulala. Hapo sheria ni ya wenye nyumba.

Ugumu ni kwamba mvutaji mara nyingi ndo mkubwa, ni mzee, ni baba mkwe, ni mjomba aliyetoka jeshini na amevuta tangu kabla hujazaliwa, na huwezi kumwambia mtu kama huyo "zima". Kinachofanya kazi ni kumhamisha kwa heshima. Mtengenezee pahali, kiti kizuri chini ya mwembe au upande ule wa nyumba ambao upepo hauleti moshi dirishani, weka kopo la majivu hapo, na toa makopo yote ya majivu ndani. Mwambie, "Mzee, huyu mtoto kifua chake kinasumbua, tumekutayarishia hapa nje, chai nitakuletea hapahapa." Taja mtoto, usitaje yeye. Na mtu mmoja tu aseme, siyo familia nzima kumzunguka kama kesi ya LC (baraza la kijiji). Mgeni akija naye apelekwe hapohapo bila maneno mengi.

Kuvutia dirishani haisaidii, moshi unarudi. Kuvutia choo cha ndani ukafunga mlango pia hakuna kitu. Asiyevuta anayekaa na mvutaji ndani ya nyumba anapata hatari ya saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 20 mpaka 30, na hiyo ni kabla hujaongeza radoni. Kufukiza udi au ubani ili kufunika harufu ya sigara ni kuongeza moshi juu ya moshi, nasema hivi nikijua wenzangu wa Bombo wanaopenda udi watanikasirikia.

Na sigiri! Sigiri ya makaa ikae nje au verandani. Hiyo ni shida nyingine kabisa na radoni ila inaishi chumba kimoja nayo, na kulala na sigiri inayowaka ndani kwa sababu ya baridi inaua usiku huohuo, hapo hatuzungumzii saratani ya miaka 20 ijayo.

Kwa mvutaji anayetaka kuacha kabisa: chagua siku, siyo "nikimaliza pakiti hii". Hamu ya sigara ikikushika kwa kawaida inadumu dakika chache tu alafu inalegea, kwa hivyo kazi yako ni kuvuka hizo dakika, kunywa maji, tembea mpaka barabarani, tafuna muwa, piga simu kwa mtu. Siku za kwanza ndo mbaya zaidi, hasira, usingizi kupotea, kichwa, na kwa wengi inapungua ndani ya wiki 2 mpaka 4. Kama pombe ndo inakuvuta, yani ukishika mrija wa malwa mkono mwingine unatafuta sigara, basi kaa mbali na kile kikao kwa muda, ama kaa na wale wasiovuta. Kuna bazoka (chingamu) na plasta za nikotini kwenye famasi kubwa za mjini, si bei ya kila mtu, lakini piga hesabu ya sigara za mwezi kwanza ndo useme ni ghali. Ukiacha, baada ya miaka 10 hivi hatari ya kufa na saratani ya mapafu inashuka karibu nusu ukilinganisha na anayeendelea. Haishuki mpaka sifuri, kwa hivyo aliyewahi kuvuta ndo ana sababu kubwa ya kushughulikia radoni ya nyumba yake kuliko jirani ambaye hajawahi kugusa.

Hewa

Nyumba zetu nyingi zina bahati moja, hakuna baridi kali ya kufunga madirisha miezi sita kama Ulaya. Bahati hiyo tunaitupa wenyewe. Zile ventileta za juu ya dirisha watu wanaziba na kaveera (mifuko ya plastiki) au matambara kwa ajili ya mbu na vumbi. Zizibue, piga wavu wa mbu juu yake kwa fremu ya mbao, fundi wa mtaani anafanya kwa muda mfupi. Dirisha nalo weka wavu na vyuma vya wezi ili uweze kuliacha wazi kidogo usiku bila kulala jicho moja wazi. Simwambii mtu afungue dirisha tupu usiku apate malaria, hapana, malaria itamuua mtoto haraka kuliko radoni, wavu kwanza na neti kitandani.

Radoni inapanda zaidi usiku na alfajiri nyumba ikiwa imefungwa, kwa hivyo ukiamka fungua mlango na kila dirisha, upande huu na ule hewa ipite katikati. Kwa wale wa muzigo, yani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja mlango mmoja dirisha moja upande uleule, hewa haipiti vizuri, hapo ongea na landilodi atoboe matundu ya hewa kwenye ukuta wa nyuma juu juu, ni tofali chache tu za matundu. Wengi wanakubali ukimwambia rangi yake itaacha kuota ukungu.

Ila jua mpaka wake: ukifunga madirisha tena radoni inarudi pale ilipokuwa ndani ya kama saa 12. Feni ya dari haitoi kitu nje, inazungusha hewa ileile.

Anayeniumiza kichwa zaidi ni askari wa usiku na vijana wa stoo wanaolala kwenye vyumba vya chini ya ardhi vya maduka ya Kampala, hakuna dirisha, mlango wa chuma, na wanavutia humohumo ili usingizi usiwashike. Kama wewe ndo bosi, mtoe huyo mtu alale juu.

Sakafu

Tafuta nyufa, hasa kwenye kona, kando ya ukuta, na pale bomba la maji au la choo linapopenya. Ufa mdogo wa sementi usiupake tu juu, uchimbe kidogo uwe mpana, fagia vumbi, lowesha, alafu jaza mchanganyiko wa sementi na mchanga laini. Pembeni ya bomba tumia silikoni kwa sababu bomba linacheza na sementi itapasuka tena. Kapeti ya plastiki haizuii gesi, na sakafu ya udongo iliyopakwa samadi ni nzuri kwa vumbi lakini gesi inapita.

Na usidanganyike kwamba ukiziba nyufa umemaliza. Radoni inapata njia nyingine, kuziba peke yake hakuaminiki, ni msaada wa hewa tu.

Kupima

Hakuna kipimo cha damu cha kukuambia umevuta radoni kiasi gani nyumbani, kinachopimwa ni hewa. Kuna vifaa vya aina tatu utakutana navyo. Kuna vikopo vya mkaa vinavyokaa siku chache tu, hivyo sikushauri, vinatakiwa maabara haraka kwa sababu kilichonaswa kinaendelea kuvunjika, na maabara ikiwa ng'ambo kifurushi kikikaa Entebbe wiki nzima umepoteza hela. Kuna vidude vya plastiki vinavyoandika alama za mionzi ya alfa, vinakaa miezi 3 au zaidi, alama hazifutiki kwa hivyo hata vikichelewa njiani bado vinasomeka, kwetu hivi ndo vinafaa. Na kuna mashine za digitali za kusoma mwenyewe, bei yake iko juu, ila mashine moja inaweza kuzunguka kwa ukoo au kwa shule au kwa sako (chama cha akiba na mikopo) mkichanga. Mambo ya mionzi nchini yanasimamiwa na Baraza la Nishati ya Atomu, lililoundwa chini ya sheria ya 2008, kwa hivyo wa kuuliza kwanza ni wao, na pia walimu wa fizikia wa Makerere.

Weka kipimo chumba mnacholala au kukaa, chumba cha chini kabisa mnachotumia, siyo jikoni siyo bafuni, kiwe juu ya sakafu nusu mita au zaidi, mbali na dirisha na jua, na mkae kama mnavyokaa siku zote. Msiwe watakatifu miezi mitatu alafu mkarudi kufunga madirisha.

Shirika la Afya Duniani wanataka nyumba iwe chini ya bekereli 100, na nchi ikishindwa hapo basi isivuke 300. Marekani wao wanachukua hatua kuanzia pikokyuri 4 kwa lita, hiyo ni bekereli 148, ukikutana na mashine inayosoma kwa pikokyuri zidisha kwa 37. Kwao wanakadiria radoni inaua watu kama 21,000 kwa mwaka, na karibu 2,900 tu kati yao ndo hawajawahi kuvuta. Ukipata zaidi ya 300, fanya hewa na sakafu vizuri upime tena, na ikikataa kushuka hapo sasa ndo ile paipu ya kwenye video ina maana, inanyonya hewa chini ya sakafu na kuitupa juu ya paa. Ukipata 150 na kuna mvutaji ndani, rudi kwenye kiti cha mwembe kabla hujaita fundi.

Kifua kikisumbua

Radoni haileti kikohozi, ukikohoa leo siyo radoni ya wiki jana. Lakini kikohozi cha wiki mbili au zaidi nenda kituo cha afya, watakupima TB kwanza na hapo wako sahihi, TB ni nyingi kwetu. Shida inaanza TB ikikosekana, mtu anapewa antibayotiki, anarudi, anapewa nyingine, miezi inaenda. Kama TB haipo na bado unakohoa, unatema damu, unakonda, sauti imekwaruza au kifua kinauma upande mmoja, omba eksirei, na mwambie daktari waziwazi umevuta miaka mingapi na sigara ngapi kwa siku, usipunguze hesabu. Wakiona kitu, Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago, nenda na karatasi zako zote na picha za eksirei, usiache picha kwa kliniki.

Kama ndo unajenga

Hapa ndo pahali rahisi kuliko zote na watu wanaruka. Kabla ya kumwaga sakafu, tandaza kokoto safi kama inchi 4 juu ya mawe ya chini, siyo murram, hewa lazima iweze kutembea mle. Juu ya kokoto tandika polithini nzito, ile ya kuzuia unyevu, mapande yapandane vizuri na yapandishwe kidogo kwa ukuta, na msimamie fundi kwa macho asiitoboe na gamubuti. Kwenye kokoto chomeka paipu ya plastiki ya inchi 3 au 4, ipande ndani ya kona ya ukuta mpaka ipite paa, mdomo wake uwe juu na mbali na madirisha, uufunike mvua isiingie. Bila feni yoyote inatoa kiasi fulani, na siku ukipima ukakuta radoni imezidi unafunga feni ndogo juu yake bila kubomoa kitu. Gharama yake ukilinganisha na bati ni ndogo sana. Na iandike kwa rangi HEWA TU, kila chumba inapopita, maana siku fundi wa bomba akija na wewe hupo ataiona imekaa vizuri hivyo na ataunganisha choo hapo.